Mto Tana ukifurika, pesa za matibabu ziko wapi?

Mpenzi msomaji, huenda ukashangaa kuona daktari akizungumzia pesa katika ukurasa wa afya. Pengine utauliza, je, hiyo si kazi ya watu wa benki? Lakini katika chumba ninamoonea wagonjwa, swali "Daktari, naumwa na nini?" halisikiki mara nyingi kama swali hili jingine: "Daktari, itagharimu pesa ngapi?" Mgonjwa akiuliza hivyo kabla hajaeleza maumivu yake, ujue ugonjwa umemkuta hana akiba, na mara nyingi ujue pia kwamba amekaa nao nyumbani siku kadhaa akihesabu senti.

Leo nataka tuitazame Idsowe, kijiji kilicho karibu na mji wa Garsen katika Kaunti ya Tana River. Nimekichagua kwa sababu kwa wakazi wa huko mabadiliko ya ghafla ya maisha si jambo la kusoma magazetini. Mto uwalishao ndio uwafukuzao. Wakulima wa Kipokomo hupanda mpunga, mahindi, ndizi na miembe kando ya mto, na mpunga huo unayahitaji maji yanayopanda na kuacha rutuba. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao kwenye nyasi za delta wakati bara kumekauka. Maji yakija kwa kiasi, kila mtu hushukuru, na hata kambare huvuliwa kwa wingi. Yakizidi, shamba, nyumba na choo huondoka kwa usiku mmoja.

Wazee wa Tana bado huhesabu miaka kwa mafuriko. Kuna yale ya mwaka 1961. Kuna yale ya El Nino ya 1997 na 1998, yaliyobomoa hata kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa serikali katika delta. Mwaka 2018 maji yalirudi. Kisha ukaja ukame mrefu, misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mifugo ikafa na watu wakauza walichobaki nacho. Kabla hawajapata pumzi, mvua za El Nino za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaleta mafuriko, na yale ya Aprili na Mei 2024 yakafuata. Hebu fikiri, msomaji: katika miaka minne familia moja ilikumbwa na njaa ya ukame, kisha ikahamishwa na maji mara mbili. Je, ni mfuko wa nani unaoweza kustahimili hayo bila matayarisho?

Sasa tuangalie jinsi mafuriko yanavyoingia mwilini, maana pesa zinahitajika kwa nyakati tofauti, na hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu.

Siku za kwanza gharama ni za kuokoa maisha: mtumbwi au mashua ya kuwavusha watu, turubai, chakula na maji safi. Vyoo vimefunikwa, visima vimechafuka. Kuhara huanza mapema, na kipindupindu kikiingia kambini huua kwa saa chache kwa sababu mwili unaishiwa maji na chumvi. Dawa yake ya kwanza si ghali. Pakiti za chumvi za kuchanganya na maji hupatikana zahanati, na zikikosekana unaweza kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa juu. Mpe mgonjwa kidogo kidogo bila kukoma huku mkimpeleka kituo cha afya. Lakini hata sukari na chumvi hununuliwa, na kuni za kuchemshia maji zikilowa itabidi ununue makaa.

Nyoka nao hukimbia maji kama binadamu, na hukimbilia palepale penye nchi kavu ulipolala wewe. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, wala asinyonywe sumu. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu. Hapo kinachotafutwa ni usafiri wa dakika hiyo, tena barabara yenyewe imekatika.

Wengi hufikiri kwamba maji yakishuka balaa limekwisha. Sivyo. Baada ya wiki chache madimbwi yaliyobaki huzaa mbu, na malaria hupanda wakati ambapo misaada imepungua, wageni wenye kamera wamekwisha kwenda zao, na zile shilingi chache zilizokuwapo zimetumika. Watoto na wajawazito ndio huumia zaidi. Mwezi wa tatu au wa nne huja mahitaji ya mbegu, karo na kujenga upya nyumba. Nikiwa daktari, naona utapiamlo wa watoto kipindi hiki kuliko siku zile za maji yenyewe. Kwa hiyo anayetumia akiba yake yote katika juma la kwanza atakutwa mikono mitupu na homa ya juma la sita.

Mfugaji ana tatizo lake. Benki yake hutembea kwa miguu minne, na ni benki nzuri, isipokuwa hufungwa siku unapoihitaji zaidi. Wakati wa ukame kila mtu hupeleka ng'ombe sokoni, mnyama amebaki mifupa, bei huanguka. Baada ya mafuriko nako kuna homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa unaoenezwa na mbu na unaoshika wanyama na watu. Ulipozuka mwishoni mwa 2006 hadi 2007 huko Garissa, Tana River na kwingineko, biashara ya mifugo ilipigwa marufuku ili kuuzuia. Mtu alikuwa na ng'ombe thelathini na hawezi kuuza hata mmoja amlipie mtoto dawa. (Hapa niongeze la kitabibu: mnyama mgonjwa asichinjwe, na mimba iliyotoka isiguswe kwa mikono mitupu, hata kama nyumbani hakuna kitoweo.) Afadhali kuuza wanyama wawili watatu mapema, wakati wangali wamenona, na pesa hizo zikae mahali pengine, kuliko kusubiri mpaka wote wawe wa kutupwa.

Mpenzi msomaji, yako mambo mawili ambayo ni lazima tuyatenganishe, nayo ni msiba wa mtu mmoja na msiba wa kijiji kizima.

Mtu mmoja akiugua, kijiji hujua la kufanya. Chama cha kina mama kitatoa zamu yake ya merigo-raundi, majirani watachanga, mwenye pikipiki atakubali kulipwa kesho. Utaratibu huu umewaokoa watu wengi, nami nimewaona wagonjwa wakilipiwa na chama hadi shilingi ya mwisho. Lakini maji yakiingia Idsowe yanaingia kwa mwenyekiti wa chama, kwa mweka hazina na kwa mwanachama wa mwisho. Wote wanahitaji pesa zao siku ileile. Aliyekopa hawezi kulipa, na aliyeweka hawezi kupewa. Chama kinavunjika, si kwa wizi bali kwa hesabu, ingawa mara nyingi watu huanza kushtakiana wizi. Ndivyo ilivyo pia vurugu zinapozuka. Katika mapigano ya delta ya mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, ambapo watu zaidi ya 100 waliuawa, nyumba zilizochomwa ziliteketea pamoja na noti zilizofichwa chini ya godoro na ndani ya debe la unga.

Basi fundisho la kwanza la pesa kwa mkaaji wa mahali kama hapo ni kwamba sehemu ya akiba yake lazima iwe nje ya njia ya maji. Chama kiendelee, lakini kiwe na mfuko wa dharura ulio mbali na zile pesa za kuzungushana, uwekwe katika akaunti ya kikundi katika benki au katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, usikopeshwe kwa mtu yeyote kwa sababu yoyote ya biashara. Mtu binafsi naye anaweza kutumia simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata mama asiye na akaunti ya benki anaweza kuweka fedha mahali ambapo maji hayafiki. Tatizo la pesa za simuni ni kwamba ziko karibu sana na kidole. Ukiweza, tumia akiba ya kufungwa kwa muda maalum, na muda huo uufananishe na majira.

Kuhusu majira, mto una kalenda, na pesa nazo ziwe na kalenda. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Maji mengi yanayoifurikia Garsen hayakunyesha Garsen. Yametoka milima ya Kenya na Aberdare, yakapita katika mabwawa ya umeme ya juu. Bwawa la Masinga likijaa na kuanza kumwaga, kampuni ya umeme ya KenGen hutoa onyo kwa wakazi wa chini, na maji huchukua siku kadhaa kufika delta. Siku hizo ni dhahabu. Ni siku za kuhamisha mbegu na kuku, kujaza dawa, na kumtoa mjamzito aliyekaribia kujifungua ampeleke jamaa aliye karibu na hospitali. Lakini mwenye kuzitumia siku hizo ni yule aliyekwisha kuweka kitu Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Akiuza maembe au mpunga, sehemu ya kwanza iende kwenye mfuko huo kabla ya nguo mpya na sherehe.

"Kiasi gani, daktari?" Usianze kwa kuwaza laki. Anza kwa kuhesabu safari moja: kutoka nyumbani kwako hadi Garsen, kutoka Garsen hadi hospitali ya Ngao, na ikibidi hadi Malindi, ambako ni zaidi ya kilomita 100. Hesabu nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, chakula cha siku tatu, na nauli ya kurudi. Uliza bei za usiku, si za mchana, na za wakati barabara ni mbaya. Kiasi hicho ndicho ngazi ya kwanza. Mwenye kuweka shilingi 50 kwa siku, siku sita za juma, atakuwa na 300 kwa juma na 12,000 kwa majuma 40. Asiyeweza 50 aweke 20, atapata 4,800 kwa muda huohuo. Haitajenga nyumba, lakini inaweza kumfikisha mtu hospitali akiwa hai.

Nasisitiza nauli kwa sababu. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi. Katika saa hizo mbili familia isiyo na kitu huanza kwa kupiga simu za kuomba. Mume yuko machungani, simu ya kaka imezimwa, mwenye gari anataka mafuta kwanza. Ukichunguza vizuri utaona kwamba kuchelewa kule kwa kwanza, kwa kuamua, kumetokana na kujua kwamba mfukoni hamna kitu. Watu husema "tungoje kidogo tuone", nao hawangojei ugonjwa upoe, wanangojea pesa.

Sasa bima. Hazina ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi wetu tunaiita SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, kwa hiyo mwenye shilingi 20,000 hukatwa 550. Aliyejiajiri, awe mvuvi, mkulima au mama wa mboga, hutathminiwa kulingana na hali ya maisha ya nyumba yake, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Hawa wasio na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama, ingawa tangu 2025 umekuwapo mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kukopa mchango huo na kuulipa kwa awamu.

Jambo ambalo halieleweki vizuri ni hili. Kujiandikisha si kulipa. Aliyejiandikisha tu anastahili kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo, kwa kuwa huduma za huko zinagharamiwa na mfuko mwingine wa serikali. Akihitaji kulazwa katika hospitali kubwa, au kupasuliwa, atatazamwa kama mchango wake umelipwa. Ikiwa haujalipwa, atalipa taslimu. Nimeona watu wakianza kutafuta pesa za mchango mgonjwa akiwa tayari kitandani. Kwa maoni yangu, kwa familia ya kipato kidogo hakuna matumizi ya shilingi 3,600 yaliyo bora zaidi ya haya, na chama chochote cha kina mama kingeweza kuifanya zamu moja ya kila mwaka kuwa ya SHA, kila mwanachama alipiwe kabla ya mvua za masika. Najua malalamiko yaliyopo juu ya mpango huu, na baadhi yake ni ya haki. Hata hivyo, mgonjwa wa kupasuliwa hawezi kusubiri malalamiko yasikilizwe.

Juu ya mikopo ya simu nitasema machache. Inafaa kwa nauli ya leo ikiwa kesho una hakika ya malipo. Haifai kuwa ndiyo akiba yako. Anayedaiwa na simu tatu halali vizuri, na kwa mgonjwa wa presha kukosa usingizi na wasiwasi wa kila siku huipandisha presha yenyewe. Nina wagonjwa ambao dawa nimewabadilishia mara mbili bila mafanikio, kumbe kilichohitaji tiba ni deni.

Na wewe msomaji uliye Mombasa, Malindi au Nairobi, usidhani habari hizi ni za watu wa mtoni peke yao. Mwezi Machi 2020, Korona ilipoingia nchini, hoteli za Watamu na Malindi zilifungwa na wapishi, madereva na watembezaji wageni wakarudishwa nyumbani. Huo nao ulikuwa msiba wa mji mzima, maana jirani uliyezoea kumkopa alifutwa siku moja na wewe. Zaidi ya hayo, kwa jamaa zako wa Idsowe wewe ndiwe akiba iliyo nje ya njia ya maji. Simu itapigwa kwako. Badala ya kusubiri ipigwe saa nane za usiku, zungumza nao sasa: wewe utabeba nini, kaka yako wa Nairobi atabeba nini, na wao wenyewe wataweka nini. Ukiwalipia wazee wako mchango wa SHA mara moja kwa mwaka, huenda ukaepuka harambee mbili. Na weka mpaka wa kiasi unachoweza kutoa, kwa sababu ukiishiwa wewe, kamba yote imekatika.

Yako mambo yasiyohitaji pesa nyingi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi ya kliniki ya mjamzito na daftari la hospitali viwekwe pamoja katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, utundikwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kuutwaa akikimbia. Bila kitambulisho ni vigumu kuandikishwa SHA na ni vigumu kurudishiwa laini ya simu iliyopotea majini, na laini hiyo ndiyo yenye akiba yako. Piga picha za karatasi hizo, umtumie jamaa aliye mbali. Katika chama cha ushirika na benki, hakikisha jina la mrithi limeandikwa na ni la mtu aliye hai. Wajane wengi huhangaika miezi kadhaa kutafuta pesa ambazo marehemu aliziacha kwa ajili yao.

Nimalizie na dawa zenyewe. Chukua mfano wa mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye presha iliyokuwa imetulia kwa vidonge vya kila siku. Maji yanakuja, vidonge vinabaki ndani ya nyumba. Kambini anajisikia mzima, hivyo hadai, na pesa za kununua vingine zinanunuliwa unga. Baada ya wiki kadhaa mkono na mguu wa upande mmoja unalegea, mdomo unapinda. Kiharusi kile kinaiondoa familia nguvu kazi moja na kumfunga mwingine nyumbani kumtunza mgonjwa. Kikopo cha vidonge kingegharimu sehemu ndogo sana ya hayo.

Kwa hiyo, mwenye presha, kisukari, kifafa, pumu, kifua kikuu au anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi, ukiingia mwezi Machi au Oktoba mwambie mhudumu wako wa afya wazi kwamba unakaa mahali panapofurika, na umwombe dawa za miezi miwili au mitatu pale inaporuhusiwa. Majina na vipimo vya dawa yaandikwe katika karatasi na katika simu ya jamaa. Anayetumia insulini na hana jokofu aiweke ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, kivulini, chupa yenyewe isilowe. Chupa iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne ikiwa haijapata joto kali. Na mkihama, kikapu cha dawa kitangulie kupakiwa mtumbwini, kabla ya sufuria.